Jinsi ya Kuchagua Kati ya Vyuo Viwili Teule vya Marekani Ukiwa Mwanariadha Kutoka Nairobi

Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa Machi, nilikaribishwa nyumbani kwa mwanafunzi wangu wa zamani mtaani Umoja, mkimbiaji wa mita 1,500 na mbio za nyika aliyekuwa amefanya mtihani wa KCSE Novemba iliyotangulia. Mezani palikuwa na barua mbili zilizochapishwa saiba, kutoka vyuo viwili vya Marekani ambavyo hukataa waombaji wengi mno kuliko vinaowapokea. Baba yake alikuwa ameshapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya neno moja la barua ya kwanza. "Mwalimu," akaniambia, "hii imesema skolashipu, na hii nyingine haijasema. Sasa tunajadili nini?" Tulijadili hadi saa nne usiku. Alipochukua bahasha ya kaki na kujumlisha mwenyewe hesabu ya miaka minne, aligundua kwamba barua isiyokuwa na neno hilo ndiyo ingemgharimu kidogo.

Tangu siku hiyo nimekaa na familia kadhaa zenye barua mbili kama hizo, na kosa ninaloliona ni lilelile. Watu hulinganisha majina ya vyuo na maneno matamu ya barua, ilhali yapo mambo mawili yanayostahili kulinganishwa kabla ya mengine yote: ni nani mwenye uwezo wa kuiondoa fedha hiyo, na siku ya kawaida ya masomo na mazoezi itamwachia mwanafunzi nini. Nitatumia Princeton na Stanford kama mifano kwa sababu kila kimoja kinawakilisha utaratibu wake. Ikiwa wewe una Yale na Duke, au Harvard na Northwestern, hoja hazibadiliki.

Fedha iko mikononi mwa nani

Princeton na Stanford vyote viko katika Daraja la Kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Hata hivyo, Princeton ni kimojawapo cha vyuo vinane vya Ivy League, na kwa mapatano ya mwaka 1954 vyuo hivyo havitoi ufadhili wa michezo kwa mtu yeyote, hata awe bingwa wa dunia. Fedha yote itolewayo huko hupimwa kwa uwezo wa familia. Princeton huamua udahili bila kuangalia kama mwombaji ana uwezo wa kulipa, hata akiwa mgeni, na tangu mwaka 2001 iliondoa mikopo katika msaada wake, kwa hiyo anachopewa mwanafunzi hakirudishwi. Stanford hutoa ufadhili wa michezo, na pia ina msaada wa mahitaji, lakini kwa mwombaji wa kigeni suala la kuomba msaada huzingatiwa wakati wa udahili. MIT na vyuo vingine vya Daraja la Tatu navyo haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo, hivyo katika hesabu ya fedha viweke upande mmoja na Ivy.

Maana yake kwa familia ya Nairobi ni hii. Katika chuo cha Ivy, kocha hana senti yake ndani ya barua yako. Ukiamua mwaka wa pili kwamba kemia imekulemea na huwezi tena kukimbia, utaondoka kwenye timu na msaada wako utabaki, mradi hali ya familia haijabadilika. Pale penye ufadhili wa michezo, fedha imefungwa na nafasi yako katika timu, na ndiyo sababu ni lazima mkataba wenyewe usomwe neno kwa neno. Ile hati ya zamani ya kujifunga na chuo, iliyokuwa ikisherehekewa kwa picha na kofia, ilifutwa mwaka 2024. Sasa hati yenye uzito ni mkataba wa fedha. Tafuta ndani yake idadi ya miaka, maana mkataba wa mwaka mmoja na wa miaka minne ni vitu viwili tofauti kabisa. Tafuta pia ni gharama zipi zinalipwa: karo peke yake, au karo pamoja na malazi, chakula, vitabu na bima ya afya. Tangu Agosti 2024, kanuni za NCAA zinakataza vyuo vya Daraja la Kwanza kumnyima mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya jeraha au kiwango chake cha uchezaji, na zinavitaka vigharamie matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mwanafunzi kuondoka. Huo ni ulinzi wa kweli. Haumlindi, hata hivyo, yule anayejiondoa timuni kwa hiari yake.

Kuna jambo jingine lililoingia mwaka 2025. Baada ya mahakama kuidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, mwezi wa Juni mwaka huo, vyuo vilivyojiunga na mpango huo viliondolewa ukomo wa idadi ya ufadhili, lakini vikawekewa ukomo wa idadi ya wanamichezo: wanariadha 45 katika riadha ya uwanjani na 17 katika mbio za nyika, kwa kila jinsia. Ivy League haikujiunga. Kwa hiyo ukiandikiana na kocha wa chuo kilichojiunga, muulize waziwazi: nafasi yangu katika orodha hiyo ni ya miaka mingapi, na katika miaka iliyopita ni wangapi waliondolewa? Kocha mwadilifu atakujibu kwa idadi. Akikujibu kwa sifa zako, rudia swali.

Halafu kuna kodi, ambayo sijawahi kuiona ikitajwa katika barua yoyote ya pongezi. Kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ufadhili unaolipia karo, ada za lazima na vitabu hautozwi kodi ya Marekani, lakini sehemu inayolipia malazi na chakula hutozwa, na kwa kawaida chuo hukata asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani ambao ungemwondolea mwanafunzi mzigo huo. Tuchukue malazi na chakula kuwa dola 20,000 kwa mwaka: makato ni dola 2,800, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni shilingi 361,200. Baadhi ya fedha hizo zinaweza kurejeshwa mwanafunzi akiwasilisha ripoti yake ya kodi mwezi wa Aprili, lakini kwanza lazima zipatikane. Kanuni hii inahusu ufadhili wa aina zote mbili. Uliza kila chuo kama kinamsaidia mwanafunzi kulipa, na kama nauli ya kurudi nyumbani imo katika hesabu ya msaada.

Ukiona msaada wa mahitaji ni mdogo kuliko ulivyotarajia, usikate tamaa wala usikimbilie chuo kingine kabla ya kuandika barua ya kuomba hesabu irudiwe. Familia nyingi za hapa hazina hati ya mshahara. Mama anauza mitumba Gikomba, baba ana pikipiki mbili za bodaboda, na fomu iliyojazwa kwa haraka huonyesha mapato ya jumla bila kutoa gharama za biashara. Ambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, risiti za kodi ya nyumba, karo za wadogo zake, na maelezo ya ukurasa mmoja yaliyoandikwa kwa utulivu. Baba wa yule binti wa Umoja alifanya hivyo, akajibiwa baada ya siku tisa, na kiasi ambacho familia ingelipa kikapungua.

Siku ya Jumatano ya Februari

Mwombe mwanamichezo aliye katika timu sasa, mwenye kusoma kozi unayoitaka, akuandikie siku yake ya Jumatano katika mwezi wa Februari, saa kwa saa. Nimechagua Februari kwa makusudi. Septemba kila chuo ni kizuri: majani ni ya kijani, hakuna aliyeanguka mtihani, na mbio za nyika zinafanana na zile ulizozizoea. Februari ndipo chuo hujionyesha.

Yule binti aliandikiwa na mkimbiaji wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa uhandisi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa katika chumba cha vyuma. Saa tatu hadi saa saba mchana alikuwa darasani, akala sandwichi akitembea. Saa nane alikuwa kwa mtaalamu wa misuli akiwekewa barafu kwenye kifundo cha mguu, saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili mazoezini, saa moja chakula, na kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita kazi ya hesabu iliyotakiwa kesho yake. Binti aliisoma mara mbili, akanitazama. "Mwalimu, huyu analala mchana saa ngapi?" Mtu aliyelelewa katika kambi zetu, ambako usingizi wa mchana ni sehemu ya mazoezi kama ulivyo uji wa asubuhi, huuliza swali hilo kwa haki. Jibu ni kwamba halali.

Kanuni za NCAA zinasema kuwa wakati wa msimu shughuli za michezo zisizidi saa 20 kwa wiki na saa 4 kwa siku, na siku moja iwe ya mapumziko. Usizichukue saa 20 hizo kuwa ndizo zote. Safari haihesabiwi, matibabu ya misuli hayahesabiwi, na siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa 3 hata kama ulikaa uwanjani kutwa. Mwanasoka ana msimu mmoja mkubwa; mkimbiaji wa masafa ana mitatu inayofuatana, nyika hadi Novemba, uwanja wa ndani hadi Machi, kisha uwanja wa nje hadi Juni. Mtoto wetu anayekimbia Karura kwenye udongo mwekundu hajawahi kuona uwanja wa ndani wenye mzunguko wa mita 200, ambako kona huja haraka mno na hewa ni kavu.

Hapo ndipo vyuo hivyo viwili hutengana. Princeton mnamo Februari jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kuna baridi ya kuganda, na timu hujihifadhi katika ukumbi wa Jadwin. Stanford kuna jua, na mtu wa Nairobi atajisikia karibu na nyumbani. Lakini tangu mwaka 2024 Stanford ni mwanachama wa ACC, jumuiya ya michezo ambayo vyuo vyake vingi viko upande wa Atlantiki, kwa hiyo mcheza voliboli, soka au mpira wa kikapu huvuka bara zima mara nyingi kwa msimu, akibadilisha saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Mwanariadha huathiriwa kidogo zaidi, kwa kuwa mashindano yake ya jumuiya ni machache.

Tazama pia kalenda. Stanford hugawa mwaka katika mihula ya takribani wiki kumi, na wiki kumi zikiwa na safari mbili za siku nne huwa zimebaki chache sana. Muhula wake wa mwisho humalizika katikati ya Juni, karibu kabisa na mashindano ya taifa ya uwanja wa nje. Princeton ina mihula miwili mirefu zaidi, yenye nafasi ya kupumua, lakini takribani kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu, na tasnifu hizo hukamilishwa majira ya kuchipua, mkimbiaji akiwa katikati ya msimu wake. Kwa maoni yangu, mtu anayesoma polepole na kwa kina ataumia zaidi katika mihula mifupi. Anayechoka haraka na jambo moja huenda akaipenda.

Swali la mwisho kuhusu siku hiyo ni la maabara. Maabara za biolojia, kemia na uhandisi aghalabu huwekwa alasiri, na mazoezi nayo ni alasiri. Usimuulize kocha kama mtu anaweza kusoma uhandisi katika timu yake, kwa sababu atasema ndiyo. Muulize ni wangapi wanaosoma sasa, na uombe kuzungumza na mmoja wao. Ukisikia kwamba wanne walianza na wote wanne wakahamia kozi nyingine, umepata jibu lako.

Saa inayohesabu kabla hujafika

Jambo hili linaweza kuamua suala zima, na huwapata zaidi wanafunzi wa KCSE. Kwa kanuni iliyozoeleka ya Daraja la Kwanza, mwanariadha ana miezi 12 tangu amalize sekondari. Baada ya hapo, kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi kabla ya kujiunga na chuo unaweza kumnyang'anya msimu mmoja. Aliyemaliza Novemba 2025 na kuingia chuoni Agosti 2026 hana tatizo. Anayesubiri matokeo kwanza, akaomba baadaye na kuingia Agosti 2027 huku akikimbia kila mwisho wa wiki, ana tatizo kubwa. Kurudia Kidato cha Nne nako kunaweza kumponza, maana NCAA hudai masomo 16 ya msingi na huangalia kama yalikamilishwa kwa muda uliowekwa. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo ziandikie ofisi za kanuni za michezo za vyuo vyote viwili, ukieleza tarehe zako na mbio zako zote, na utunze majibu yao. Ivy kwa kawaida haiwaruhusu wanafunzi wa uzamili kushindana, hivyo msimu uliopotea huko haufidiwi mwaka wa tano.

Usitie sahihi karatasi ya meneja yeyote. Wanapatikana nje ya Nyayo na Kasarani kila siku ya mashindano, wengi wao ni watu wema, lakini makubaliano na wakala yanaweza kukufungia mlango wa michezo ya vyuo. Zawadi ya fedha ya mbio za barabarani pia usiipokee kabla ya kuuliza.

Kocha, na watu wa kuuliza

Kocha hana mamlaka ya kukudahili. Ofisi ya udahili ndiyo yenye mamlaka hayo. Katika Ivy, kati ya Oktoba 1 na Machi 15, ofisi hiyo inaweza kumwandikia mwanamichezo barua rasmi ya kumdokezea kwamba atadahiliwa, na barua hiyo ina thamani. Ahadi ya kocha kwenye WhatsApp haina. Kumbuka vilevile kwamba Princeton na Stanford zote hufunga maombi yao ya mapema Novemba 1, wakati mtihani wa KCSE unaendelea, na kila kimoja hukukataza kuomba mapema katika chuo kingine cha binafsi.

Makocha huhama. Jiulize kama ungekipenda chuo hicho kocha huyo akiondoka Julai, kabla hujapanda ndege. Watafute waliotoka timuni, si waliobaki peke yao, kwa kuwa aliyetoka hana sababu ya kukuficha. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, alisoma Marekani kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ni mmoja wa waanzilishi wa KenSAP, mradi ambao tangu 2004 umepeleka Wakenya wengi katika vyuo teule. Wahitimu wa mradi huo ndio ninaowatafuta kwanza, kwa kuwa wanajua yote mawili, baridi ya huko na matarajio ya hapa. Wapigie Jumapili saa kumi na mbili jioni, ambapo mwezi wa Aprili New Jersey ni saa tano asubuhi na California ni saa mbili asubuhi.

Waulize pia kuhusu kazi. Viza ya F-1 huruhusu saa 20 za kazi kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na baada ya shahada miezi 12 ya kufanya kazi katika fani uliyosomea; fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa miezi 24. Kozi utakayosukumwa kuichukua ili ratiba ya mazoezi ipate nafasi inaweza kukupotezea miaka hiyo miwili. Fedha za matangazo na mgawo wa mapato, ambazo wanamichezo wa Kimarekani sasa huzipokea waziwazi, zinaweza kumharibia viza mwanafunzi wa kigeni, kwa hiyo usiziingize kwenye hesabu ya bahasha yako.

Kabla ya Mei 1

Siku ya mwisho ya kujibu ni Mei 1. Thibitisha nafasi katika chuo kimoja tu, kisha mpigie simu kocha wa chuo unachokiacha, siku hiyohiyo, kwa sauti yako mwenyewe na si kwa ujumbe. Yule binti aliifanya simu hiyo akiwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yao ili wadogo zake wasimsikie, na ilichukua dakika nne. Kocha alimshukuru, kwa kuwa alikuwa na msichana mwingine aliyesubiri nafasi hiyo. Chuo kitakutumia fomu ya I-20, ile unayoombea viza ya mwanafunzi. Ikifika, lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 na uombe miadi ya ubalozi kule Gigiri siku hiyohiyo, kwa sababu kuanzia Juni foleni ya wanafunzi huwa ndefu, na mazoezi ya mbio za nyika huanza Agosti, mara nyingi kabla ya siku ya kwanza ya masomo.